Herufi Mbili kwa Kioo Cheusi

Tulia,
19 Oktoba 1997

Kwa Muthama, mwana wa mwaitu,

Salamu kwanza, nyingi kama mbaazi za ule mwaka zilipokubali. Sisi huku tunapumua. Mvua imekuja kabla hatujamaliza kupanda, na imekuja na hasira, mto unasikika mpaka jikoni. Mguu wa mwaitu, mama yetu, umeshuka uvimbe. Anauliza kama huko Kambu kuna kanisa ama mnaabudu malori. Baba Mutie bado yuko Mombasa kwa mjengo. Mbuzi mweusi amezaa wawili, na mmoja tumempa jina lako kwa sababu hatulii.

Sasa jambo lililoniketisha. Usicheke mwandiko, unajua mimi niliachia darasa la saba.

Unakumbuka zahanati ya kanisa ilinichukua kufagia, halafu Jonah mtoto wa pasta akanifunza kompyuta wakati chuo chao kilifungwa. Sio zile za picha picha watu wanasifu. Jonah aliweka hii inaitwa Linux, ya bure, imetengenezwa na watu wengi wasiojuana. Alisema ni kama mwethya wa kulima, kila mtu anakuja na jembe lake na shamba si la mtu mmoja. Kioo ni cheusi na maandishi meupe, basi. Mimi niliipenda. Sasa Jonah yuko ng'ambo na barua zangu mbili hajajibu.

Ndani ya hiyo mashine kuna watoto thelathini na nane wa kifafa. Kaluki, nesi wetu, husaga vidonge vya aina mbili viwe poda, kila mtoto na kipimo chake, na kipimo kinabadilika kila mwezi vile daktari wa kutoka Kitui alipanga, mwingine akipanda polepole, mwingine akishuka polepole. Ukikata ghafla ugonjwa unarudi mbaya kuliko mwanzo. Poda tunaifunga kwa karatasi kila wiki mbili, Ijumaa, na kuandika namba. Jina hakuna. Unajua watu wetu na huo ugonjwa, mtoto anatengewa kikombe chake peke yake, na jirani haji tena kuomba moto kwako. Mwaka jana kadi ya mtoto ilionekana sokoni na mama yake akarudishwa kwao. Basi tulichoma kadi zote. Mimi ndiye niliapa mbele ya wale mama, mkono juu ya Biblia, kwamba jina la mtoto wa mtu halitaandikwa tena kwa karatasi. Namba ya nani ni ipi, na anasagiwa ngapi, inajua mashine peke yake.

Na mashine inalia. Tangu Septemba diski yake inafanya tki, tki, tki, kama dumuzi ndani ya gunia la mahindi. Ijumaa ilikataa kuamka mara mbili. Ya tatu ikaamka.

Wewe ndiye unayefungua redio za watu. Niambie nifanye nini. Ninaogopa, Muthama.

Anayekuombea,
Mumbua


Kambu,
1 Novemba 1997

Mumbua dadangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa na imekunjwa kama sambusa, lakini nimeisoma yote. Mwambie mwaitu kanisa liko, ila mhubiri anasinzia kabla yetu. Njogu, yule mwenye duka la spea ninapofanya kazi, aliniona uso akauliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia bado, ni kompyuta ya dada yangu inaumwa. Akasema, "Basi dunia imefika mwisho na mimi sijauza hizi tairi."

Sikiliza sasa. Diski inayolia hivyo inakufa. Haiponi.

Kwanza, usiizime. Inayozunguka iache izunguke.

Pili, chukua daftari leo uandike yale majina na vipimo. Najua umeapa. Mungu ataelewa haraka kuliko diski.

Tatu, nakutumia diski nyingine na dereva Kilonzo, yule anayebeba pojo za Kitui. Ilitoka kwa ofisi moja ya malori iliyofungwa. Ni kubwa, mara sita ya yenu. Nimeijaribu kwa mashine kama hiyo yenu na inafanya vizuri, usiwe na wasiwasi. Karatasi ya pili nimekuandikia maneno ya kunakili kila kitu kutoka ile ya zamani. Yaandike vile yalivyo. Pengo ni pengo, nukta ni nukta. Wewe uliyesuka kyondo, kikapu cha rangi saba, bila kupoteza hesabu huwezi kushindwa na mistari kumi na minne.

Mutie hajambo? Umeniandikia habari za mbuzi mpaka jina lake, na za mtoto hukuandika.

Kaka yako,
Muthama


Tulia,
19 Novemba 1997

Kwa kaka yangu Muthama,

Nakusalimia kwanza. Mwaitu yuko. Mbuzi wa jina lako amekula kona ya kitambaa cha madhabahu. Daraja la chini limebebwa na maji, sijui barua hii itapita wapi.

Sikuizima kwa kupenda. Jenereta ya hapa inawashwa Jumanne na Ijumaa, saa tatu mpaka saa saba, hiyo ndiyo dizeli iliyoko. Ikizimwa, inazima na kila kitu. Kwa hivyo ulichoniambia cha kwanza kilikuwa hakiwezekani hata kabla sijakisoma.

Cha pili sikufanya. Niliapa. Usiniulize zaidi hapo.

Diski ilifika ndani ya sweta yako ya kijani. Niliinusa kwanza, inanuka grisi na wewe. Kilonzo alisema, "Huyo kaka yako alinikataza hata kupiga honi." Nilingoja siku Kaluki ameenda mkutano Kitui, nisifanye mbele yake. Siku hiyo ikawa jana. Nilifungua skrubu kwa kisu cha mezani. Nikaifunga diski yako kwa ule mkia wa pili wa waya mpana, nikaandika mistari yako mmoja mmoja, kidole kwa karatasi, kidole kwa kibodi. Ile ya zamani ililia saa mbili nzima lakini ilitoa. Majina ya mafaili yalikuwa yanapanda kwa kioo kama siafu. Niliona faili la watoto likipita. Nililiona kwa macho yangu, Muthama.

Mstari wa kumi na nne ulisema nitoe ya zamani, nihamishe kale kapini kadogo ka kuonyesha diski ipi ndiyo ya kwanza, niweke mpya mahali pake, niwashe.

Nikawasha. Ikaandika L. Ikaandika I. Ikanyamaza.

Si kuzima. Taa inawaka, feni inazunguka, na kwa kioo ziko hizo herufi mbili, LI, na hakuna kitu kingine. Nilingoja. Niliimba ubeti mzima wa wimbo, polepole. Ni kama mtoto anayeanza neno na halimalizi, macho yako wazi lakini mwenyewe hayuko. Nakijua kimya hicho.

Nilirudisha ya zamani. Ikafanya tki mara tatu na haikuzunguka tena. Niliishika mkononi ikiwa na joto, halafu joto likaisha nikiwa bado nimeishika.

Poda inafungwa tena Ijumaa ya tarehe 28. Kaluki sijamwambia. Nitamwambia. Wewe andika upesi, ama mpe mtu yeyote anayekuja huku.

Mimi,
Mumbua


Kambu,
20 Novemba 1997

Mumbua mpenzi dada,

Huku barabara ya Mombasa imekatika sehemu mbili na malori yamelala hapa kama ng'ombe wa mnada. Njogu anauza chai sasa, spea hakuna anayetaka. Barua kutoka kwako sijaona, nami najiambia kimya ni dalili njema.

Kuna kitu nilisahau, na kimeninyima raha wiki nzima. Ule mstari wa kumi na nne, usiufanye. Nakili, lakini ya zamani usiitoe mahali pake. Iache iwe ndiyo inaamka, na ile mpya iwe mkiani. Usiitoe mpaka nikuandikie tena.

Kwa nini, nitakueleza siku nyingine. Nataka kwanza kuuliza mtu.

Na majina, tafadhali, kwa daftari.

Muthama


Tulia,
30 Novemba 1997

Muthama,

Salamu kutoka kwa wote. Barua yako sina. Naandika tu.

Kaluki nilimwambia Alhamisi. Sikutaka aje Ijumaa akute kioo na zile herufi mbili. Aliketi juu ya ndoo, akauliza, "Mumbua, hata moja haiko mahali popote?" Nikasema hakuna. Akasema, "Kadi nilitaka tuzifiche kwa dari. Nani alisema tuchome?" Anajua ni nani. Aliuliza tu.

Ijumaa wakaja, na mvua, na watoto migongoni, wamejifunika nailoni. Kaluki aliamua tuwape wote kipimo kidogo cha sawa, kidogo kisichoweza kuua mtu. Tukasaga. Vipimo vya kweli anavikumbuka vya watoto watano au sita, wale wa karibu, hao tukawapa vyao. Kwa wengine alikuwa ananiangalia na mimi naangalia kinu. Tulipofika namba fulani nikapima na kufunga bila kuuliza. Akaniangalia. "Hiyo mbona hujaniuliza?" Nikasema naikumbuka. Tukaendelea kusaga.

Mbinya, yule wa karibu na kisima, alipokea karatasi yake ya namba tisa akaipima kwa kiganja. Alisema, "Leo ni nyepesi." Mtu ambaye hajui kusoma, Muthama, na kiganja chake kilijua. Nikamwambia ni hali ya hewa, poda imekauka. Nilisema hivyo. Wakati mvua inanyesha.

Jana mtoto wake Kavata alishikwa na kifafa akiwa peke yake jikoni. Aliangukia mafiga. Mkono wa kushoto umeungua mpaka kiwiko. Mvua ilizuia gari, wanaume wamembeba kwa kitanda mpaka barabara kubwa. Yuko hai. Mbinya alipita hapa akikimbia nyuma ya kitanda, na hakunitukana. Alisema tu, "Mumbua, niangalizie kuku."

Nimeenda nimewalisha. Nimefagia na jivu pale alipoanguka.

Poda ingine ni tarehe 12. Muthama, kama uko hai andika.

M.


Kambu,
8 Desemba 1997

Mumbua, mwana wa mwaitu,

Barua zako mbili zimefika siku moja, mkononi mwa Kilonzo, na ile ya mwisho niliifungua kwanza. Nimesoma habari ya Kavata nikiwa nimesimama kwa duka, Njogu akafunga mlango akaniacha humo ndani peke yangu. Alirudi na chai na hakufanya mzaha.

Nitakuambia kitu kimoja kibaya halafu kimoja kizuri.

Nilikudanganya. Niliandika kwamba nimejaribu ile diski kwa mashine kama yenu. Niliijaribu kwa mashine ya Njogu, ambayo ni mpya, na ikakubali, nikafurahi, nikakuandikia vile. Nilitaka uone kaka yako ni fundi. Nilipoketi baadaye nikakumbuka mashine yenu ni ya zamani, ndipo nikaandika usiufanye mstari wa kumi na nne, na hata hapo nikaficha sababu. Hiyo barua sijui kama iliwahi kukufika. Ubaya huu si wako. Ukienda kwa Mbinya, mwambie ni wangu.

Kizuri ni hiki. Watoto wako humo ndani.

Nilipiga simu Nairobi kwa Muturi, mpwa wa Njogu aliye chuoni, nikamsomea barua yako. Alipofika kwa LI alicheka, akaomba msamaha. Alisema watu wa ule mwethya wa Jonah wanaijua shida hiyo kwa jina. Mashine ya zamani ikiamka inaona mwanzo wa diski tu, kipande kidogo. Diski niliyokutumia ni kubwa kuliko macho yake. Yale maneno ya kuiamsha Linux yalinakiliwa sawasawa, lakini yakaangukia mbali, mahali mashine haiwezi kufika. Linux yenyewe ikishaamka inaona diski yote mpaka mwisho. Shida ni kuamka tu. Mashine inaanza kutaja jina la kile kinachoiamsha, si Linux yenyewe, lina herufi nne, inafika ya pili, inanyoosha mkono kutafuta kilichobaki na haikigusi.

Unakumbuka mwaitu akikufunza kyondo, ulipopoteza kile kitovu cha chini ukalia? Alikuambia ukipoteza mwanzo hujapoteza uzi. Basi tunaleta mwanzo mwingine kutoka nje. Muturi ametengeneza flopi, kile kidiski cha kuingiza mbele ya mashine. Amefanya mbili. Moja nampa Kilonzo, moja naitia posta, moja ikilowa nyingine ifike. Weka flopi kabla ya kuwasha. Itauliza kwa kuandika boot: nawe andika

linux root=/dev/hda1

ubonyeze, ungoje. Usiiguse. Itachelewa, flopi ni mzee wa miguu.

Sasa swali, na usiniruke kama ulivyoniruka mara mbili. Uliandika unakijua kile kimya cha mtoto anayeanza neno. Unakijuaje? Na ile namba uliyopima bila kuuliza. Mimi ni mjomba wake, Mumbua. Mutie ni namba ngapi?

Muthama


Tulia,
21 Desemba 1997

Kwa kaka yangu,

Salamu, na mwaitu anasema Krismasi ni ya watu walio na barabara. Barua yako ya Novemba ilifika tarehe 6, ile ya kusema nisiufanye mstari wa kumi na nne. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Sikuwa na hasira. Nilifikiri tu, tulikuwa tunaandikiana kama watu wawili wanaozunguka nyumba moja.

Kumi na saba.

Mutie ni kumi na saba. Alianza Aprili ya mwaka jana, siku ya Pasaka, alikuwa ananiita. Alisema "Ma" na neno likabaki hapo. Unajua wale wawili tuliowazika kabla yake, na kwa nini nilimpa hilo jina, aliyeachwa, ili kifo kimwache. Nilimshika nikafikiri, hajaachwa. Baba yake sijamwambia. Mwaitu pia. Nyumbani kwa wakwe nilisema ni minyoo. Kadi ya kwanza niliyotia moto ilikuwa ya mtoto wangu. Niliwaambia wale mama tunachoma kwa ajili yao, na walinishukuru, mmoja aliniletea mayai. Na ulipoandika nichukue daftari, nilikuwa nalo mapajani, kalamu mkononi. Niliona nitafika kumi na saba na itabidi niandike. Nikalifunga. Hiyo ndiyo sababu. Kiapo kilikuwa ni shuka tu la kujifunika.

Kwa hivyo usinibebee ubaya wote. Nusu ni yangu na ninaujua uzito wake.

Tarehe 12 tulikisia tena. Watoto wanne zaidi wameshikwa. Wangu hakushikwa. Kila siku akiamka akicheka mimi naona haya.

Flopi ya Kilonzo ilifika Alhamisi. Ijumaa saa tatu jenereta ilipowaka niliiweka. Ilikwaruza, ikakwaruza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma. Nikaitoa, nikaipuliza, nikairudisha. Ikakataa. Kaluki alikuwa nyuma yangu, akasema, "Acha nisiangalie," akatoka kusimama kwa mvua. Nililia kidogo. Saa tano na nusu mtoto wa mwenye duka akaja na bahasha, amechukua barua za kanisa Kitui mjini. Ile ya posta. Kaka, umeandika nyuma yake "usiikunje" na mtu ameipiga mhuri katikati.

Niliiweka. Ikakwaruza. Halafu kwa kioo, boot:

Niliandika vile ulisema, kidole kimoja. Ikaanza kupanda. Mistari na mistari, nyeupe. Mahali fulani ilisimama na mimi nikasimama kupumua. Halafu ikaniuliza jina langu, kama zamani, kama hakuna kitu kilitokea. Niliandika neno la siri na kukosea mara mbili.

Wako. Wote thelathini na nane. Nilimwita Kaluki, aliingia akaweka mkono kichwani pangu, maji ya mvua yakaniingia shingoni.

Jenereta ilikuwa imebakiza saa moja na kitu. Nilichukua daftari. Namba, jina, kipimo cha asubuhi, kipimo cha usiku. Kaluki alikuwa ananisomea, mimi naandika. Alipofika kumi na saba alisoma, "Mutie," akangoja. Hakusoma jina la baba. Nikaandika. Nikaandika na la baba.

Tulimaliza dakika nne kabla ya dizeli kuisha. Mashine ikazima. Daftari likabaki.

Sasa nimevunja kiapo, na wale mama hawajui. Ijumaa ya 26 wanakuja. Nitawaambia mimi mwenyewe. Ninaogopa kuliko ile siku ya LI. Niombee hiyo Ijumaa kuanzia saa tatu.

Dadako,
Mumbua


Tulia,
18 Januari 1998

Kwa Muthama,

Salamu za mwaka, ingawa umeanza umelowa. Kilonzo ameniambia barabara ikikauka utakuja na kutenga kile kipande kidogo cha mwanzo wa diski, maneno ya kuamsha yakae hapo, mashine iamke yenyewe. Njoo. Mbuzi wa jina lako tulimchinja Krismasi, utasamehe. Mpaka uje, ile flopi inalala ndani ya kyondo changu, imefungwa kwa fulana ya Mutie. Kila Jumanne na Ijumaa naiweka, na kila mara sikai chini mpaka mistari ianze kupanda. Mara moja niliisahau nyumbani. Niliwasha, nikaziona tena zile herufi mbili. Nikakimbia mpaka nyumbani na kurudi.

Ile Ijumaa ya 26 wale mama walikuja ishirini na tisa. Nililiweka daftari juu ya meza, nikasema limeandikwa majina, nimeliandika mimi, na mimi ndiye niliyeapa. Halafu mmoja akasema, "Wewe ni rahisi kwako. Lako halimo." Nikafungua mahali pa kumi na saba. Wengi hawasomi, kwa hivyo nilisoma kwa sauti. Jina la mtoto, jina la baba, na kipimo. Nikawaambia poda za zile Ijumaa mbili zilikuwa za kukisia, zote ila chache, na moja ya hizo chache ilikuwa ya mtoto wangu.

Wawili waliondoka. Mmoja amerudi, mmoja bado. Yule wa mayai alisema mayai yale nimrudishie, watu wakacheka kidogo, halafu nikaona hakuwa anacheka. Nitamrudishia.

Mbinya alikuwa amekaa mlangoni na Kavata, mkono umefungwa bendeji. Vidole viwili havitanyooka, daktari amesema. Nilimwambia kuhusu ule wepesi wa karatasi, na kwamba haikuwa hali ya hewa, na kwamba kaka yangu anasema ubaya ni wake na mimi nasema ni wangu. Akasema, "Kuku mmoja amepotea ukiwalinda." Nikasema najua, ni mwewe. Akasema, "Basi niandikie namba tisa kubwa, nataka kujifunza kuiona mwenyewe." Nilimwandikia. Kila wiki mbili anakuja, anafungua daftari kwa mkono wake, anaitafuta.

Habari zilinitangulia nyumbani. Mama mkwe hakunikaripia. Alisema, "Nilijua. Ukuta wetu ni mmoja." Lakini jioni hiyo kikombe cha Mutie kilikuwa kimewekwa peke yake, kwa dirisha, mbali na vingine. Kile cha bati, chenye ua jekundu. Mwaitu aliposikia alikuja kwa miguu kutoka kwake, na ule mguu wake, akakaa na mama mkwe mlangoni mpaka giza. Sijui walizungumza nini. Kikombe hakikurudi kwa vingine.

Baba Mutie nimemwandikia. Wiki ya tatu sasa, hajajibu. Wewe unajua posta zilivyo wakati huu. Ndivyo najiambia.

Mutie anashuka kipimo mwezi ujao. Daktari alipita na landrova, akasema akifika Desemba bila kushikwa tutajaribu kuacha. Desemba ni mbali, lakini nimeiandika kwa daftari, kwa wino.

Kikombe bado kiko dirishani. Asubuhi mimi namwaga uji, Mutie anakunywa nusu, nami namalizia kwa kikombe hicho hicho, hapo dirishani, mama mkwe akiangalia. Jana alikuja akasimama karibu, akauliza kama uji una sukari.

Njoo na sweta nyingine. Hii ya kijani Mutie amekataa kuivua.

Dada yako,
Mumbua, mama wa kumi na saba